Maji ya mlimani yana mwenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wetu, akina mama wa vikundi vya akiba, vijana wa bodaboda, walimu na ndugu zangu wote mliokuja jioni hii: asanteni kwa kuja. Wazee, heshima yenu mbele.

Tumekubaliana kuongea Kiswahili leo, na kwangu hilo si jambo dogo. Humu ukumbini wamo Waacholi, Waganda, Walugbara, Wanubi, na ndugu zetu waliotoka Kongo ambao kwa Kiswahili wanatushinda wengi wetu. Najua wamo pia wazee ambao miaka ya nyuma Kiswahili walikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Sijasahau hilo. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa reli, na katika kota za reli pale Nsambya Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombana chumvi. Hicho cha chumvi ndicho nilichokuja nacho.

Nimepewa mada kubwa: mji ufanye nini wakati tabianchi inabadilika, na ukifanye vipi kwa haki. Naomba nianzie kwenye kizingiti cha mlango.

Wiki iliyopita nilipita kwenye safu moja ya vyumba vya kupanga, ile tunayoiita mizigo, hapa Namuwongo upande wa chini wa reli. Milango ni minane. Mbele ya kila mlango kuna kiukuta kilichojengwa kuzuia maji. Nikachuchumaa mbele ya mmoja nikaanza kuhesabu. Chini kuna safu ya matofali ya zamani, yameota ukungu. Juu yake kuna safu nyingine, saruji yake ni ya rangi tofauti. Juu yake kuna ya tatu, bado mpya, na alama za vidole vya fundi zinaonekana. Mama mwenye chumba, anauza mukene, yaani dagaa, sokoni, akanieleza. Safu ya kwanza waliikuta. Ya pili waliijenga baada ya usiku ule maji yalipoingia wakawakalisha watoto juu ya meza mpaka kukakucha. Ya tatu ni ya mwaka jana. Sasa ukitaka kutoka nje unainua mguu kama unapanda ngazi, unakaa kidogo juu ya ukuta, kisha unashuka upande wa pili. Bibi wa chumba cha jirani, magoti yake hayamruhusu tena, hutolewa nje kwa kushikwa mikono miwili.

Ingia ndani uone lingine. Mwenye nyumba amejaza kifusi akainua sakafu mara mbili. Paa hakuliinua. Kijana wa huyo mama ana miaka kumi na saba, na akisimama katikati ya chumba walichomzalia, nywele zake zinagusa boriti.

Nawaambia haya kwa sababu ofisi nyingi zina michoro na ramani za mafuriko ya Kampala, lakini kumbukumbu kamili ya mvua za Namuwongo iko kwenye hivyo vizingiti. Na kila tofali pale limenunuliwa na mpangaji. Hakuna mradi wowote uliolilipia, wala hakuna hesabu yoyote ya nchi ambamo tofali hilo limeandikwa kama gharama ya mabadiliko ya tabianchi. Limeandikwa wapi? Kwenye mlo uliorukwa.

Sasa, kwa nini mvua imekuwa hivi? Nitalisema kwa ufupi maana watoto wenu shuleni wanalijua vizuri. Hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi wa maji, takriban asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Dunia imepata joto zaidi ya nyuzi moja tangu zama za viwanda vya mwanzo. Kwa hiyo wingu linapofunguka, linamwaga maji mengi kwa muda mfupi. Mvua zetu za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zimekuwepo tangu mababu, wala hazijaanza jana. Kilichobadilika ni jinsi zinavyokuja: siku nyingi kavu, kisha saa mbili za gharika. Mnakumbuka Mei 2020, Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi iliyokaa tangu 1964. Mialo ya Gaba na Portbell ililala majini. Na Machi 2025 mvua ya siku moja tu ilijaza barabara za Kampala na kuua watu.

Lakini wingu halimwagi Namuwongo peke yake. Linamwaga Muyenga pia, kwenye mtaa wa matajiri palepale mlimani juu yetu, saa ileile. Mbona hatujasikia mtu amezama Muyenga?

Wazee husema maji hufuata mkondo. Wengi tunautumia msemo huo kujituliza, kana kwamba mkondo umewekwa na Mungu. Tuutazame mkondo wenyewe basi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Hiyo hesabu haina ubishi, hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuihakiki kwa ndoo. Chukueni kiwanja cha robo eka huko mlimani, karibu mita za mraba 1,000. Zamani kilikuwa na nyumba ndogo, migomba, mwembe, nyasi. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa inazama ardhini. Leo nyumba imetanuka, na uani pote pamepangwa vitofali vya saruji ili magari yasikanyage matope. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ajabu, inaangusha kwenye kiwanja hicho lita 50,000. Hizo ni jerikani 2,500 za lita ishirini. Zinateremka kwa muda wa saa moja hivi kutoka kwenye geti moja. Sasa hesabuni mageti mnapopanda kutoka hapa hadi kwenye matangi ya maji kule juu.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mwenye geti hilo hajawahi kumtakia mabaya mama wa mukene. Pengine ndiye hununua mukene wake. Ila maji yaliyoingia chumbani kwa mama yule usiku yalikuwa na mwenyewe. Yalitoka kwenye paa la mtu na uani kwa mtu, yakapita kwenye mtaro uliojengwa kwa kodi za wote ili yamwondokee huyo mtu haraka. Mkondo huu tunaousingizia maumbile, tumeuchimba sisi.

Na tazama sheria zetu zinavyoutazama mkondo huo. Kodi ya majengo nchini hapa imeisamehe nyumba ya makazi anayoishi mwenyewe. Nyumba ya kupangisha haikusamehewa. Maana yake, kasri la mlimani lenye uani wa saruji, mwenyewe akilala humo, linaweza lisilipe hata shilingi ya kodi hiyo, wakati kodi ya vyumba vinane vya chini ya reli ikilipwa, mwenye nyumba anaiingiza kwenye kodi ya pango. Anayemwaga maji amesamehewa, na anayemwagiwa analipia mtaro.

Wenzetu wengine wamelifikiria hili wakapata njia. Miji mingi ya Ujerumani inamtoza mwenye kiwanja ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba aliyoifunika kwa paa, lami au saruji. Ukiondoa saruji ukarudisha nyasi, au ukavuna maji kwenye tangi, ada inashuka. Philadelphia, Marekani, nako wanapima eneo lililofunikwa kabla ya kutoza. Sisemi tuige kila kitu kama kilivyo. Nasema kanuni yake ni ile ambayo bibi yangu angeielewa bila mkalimani: ukimwagia jirani maji, unayafuta wewe.

Kwa Kampala ningependa tuanze hivi. Kibali cha kujenga kwenye mlima kisitolewe mpaka mchoro uonyeshe mvua ya kiwanja hicho itakaa wapi kwa saa mbili za mwanzo. Tangi la lita 10,000, shimo la kunyonya maji, ukanda wa nyasi, vitofali vyenye matundu. Mafundi wetu wanavijua vyote hivyo. Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, ada ndogo kwa kila mita iliyofunikwa, na fedha hiyo iandikwe kwa jina lake, ije bondeni kulekule maji yanakokuja. Isiingie kwenye mfuko mmoja mkubwa ikapotelea humo.

Mtu wa mlimani akiniuliza anapata nini, nitamwambia atazame bomba lake. Maji machafu ya mji yanaingia mfereji wa Nakivubo, yanapita hapa kando yetu, yanaingia kinamasi kilichobaki kati ya Bugolobi na Muyenga, kisha yanamwagika Ghuba ya Murchison kwenye ziwa. Kwenye ghuba hiyohiyo, pale Gaba, ndipo Shirika la Maji linapovuta maji ya kunywa ya Kampala. Yanasafishwa, yanasukumwa kupanda mlima, yanawekwa kwenye matangi ya Muyenga, yanarudi kwenye bomba la jikoni. Kile kinamasi cha mafunjo ndicho kilikuwa kichujio cha kwanza, hakikulipwa mshahara. Tumekikata, tumekijaza udongo, tumelima magimbi na miwa hadi katikati, na ghuba imezidi kuchafuka kiasi kwamba dawa ya kusafishia maji imekuwa gharama kubwa. Mtambo mpya ulipojengwa ulipelekwa mbali, Katosi huko Mukono, kwenye maji safi zaidi. Kwa hiyo mlima na bonde vinakunywa kikombe kimoja, na anayetaka maji yake yawe safi ana sababu yake mwenyewe ya kutaka Namuwongo iwe na vyoo.

Hapo kwenye vyoo niseme letu pia, maana nisipolisema nitakuwa nimekuja kuwapaka mafuta. Mvua kubwa ikianza usiku, wako kati yetu wanaofungua tundu la choo ili maji yabebe kilichomo. Tunawajua. Asubuhi watoto wanacheza kwenye maji hayohayo, na kipindupindu kikija kinaanzia hapa. Nimeongea na mtu mmoja aliyewahi kufanya hivyo. Alinitazama machoni akaniambia kumleta mwenye gari la kunyonya ni kodi ya mwezi mzima, na gari lenyewe halipiti kwenye kichochoro chake. Sikuwa na la kumjibu la haraka. Kosa ni kosa, lakini mji unaotaka kukomesha kosa hilo utaleta mashine ndogo zinazopita vichochoroni na bei ambayo muuza mukene anaiweza, kabla ya kuleta faini. Na makavera, hiyo mifuko ya plastiki, ni hivyohivyo. Mtaro unaziba kwa makavera yetu, kweli. Pia unaziba kwa sababu lori la taka linaishia kwenye lami, nasi tuko mita mia nne kutoka kwenye lami.

Taka. Sitaweza kupita hapo bila kusimama.

Tarehe 10 Agosti 2024, Jumamosi, mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka baada ya mvua. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo watoto waliokuwa wamelala. Dampo lile lilifunguliwa 1996 na kwa karibu miaka thelathini lilipokea taka za Kampala, ingawa liko wilaya jirani ya Wakiso. Nilikwenda siku chache baadaye. Kilichonishika ni kiatu kimoja cha mtoto, cha shule, cheusi, kimepangwa vizuri juu ya jiwe na mtu aliyekikuta, kana kwamba mwenyewe angerudi kukichukua. Nyuma yake trekta lilikuwa likifukua, na kila lilipoinua koleo unatambua kilichomo: maganda ya matoke, maganda ya matoke, chupa, kavera, maganda ya matoke.

Niliyafikiria maganda hayo njia nzima ya kurudi. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni za kuoza, na hizo zikifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa, na ndiyo inayowaka na kulegeza mlima wa taka kutoka ndani. Ganda lililotoka kwenye sahani ya mlo wa hoteli mjini, likapanda lori, likaenda kulala juu ya nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kula katika hoteli hiyo. Huku vikundi vya wanawake na vijana mjini humu vinakausha maganda yaleyale na kutengeneza makaa ya kupikia. Wapo baadhi yenu hapa mbele, mikono yenu naiona. Ninyi mnapunguza mlima wa taka, mnapunguza methani, na mnampunguzia mti wa mkaa shoka, kwa kazi moja. Mkopo wa mashine ya kukamulia makaa mmeuomba kwa nani, na mmejibiwa nini? Na wale waokota chupa wa Kiteezi, waliopoteza ndugu na siku ileile wakapoteza kazi, dampo jipya linapopangwa wanapaswa kuwa kwenye meza wakiwa na majina yao, kwa sababu hakuna mhandisi anayeijua taka ya Kampala kama wao.

Sasa nifike kwenye neno ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu: kubomolewa.

Katiba yetu, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa, mito na maeneo oevu kwa dhamana, kwa ajili ya wananchi wote. Naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Mwaka 1994 maeneo oevu yalikuwa yamefunika karibu asilimia 15.6 ya Uganda, na miaka ishirini na mitano baadaye yalikuwa yamebaki karibu asilimia 9. Anayesema vinamasi virudishwe si adui yenu. Vikirudi, vizingiti vyenu vitashuka.

Ila nauliza vinarudishwa kwa mgongo wa nani. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliagiza hati za ardhi zilizotolewa ndani ya maeneo oevu baada ya 1995 zifutwe. Hati ni karatasi. Mwenyewe anaandikiwa barua, anakwenda na wakili, miaka inapita, na bohari lake bado limesimama na taa zinawaka. Juni 2024 huko Lubigi, kaskazini-magharibi ya mji, nyumba za watu zilibomolewa, na familia zilionekana zimekaa kando ya barabara na magodoro yao. Kinamasi ni kilekile na sheria ni ileile, lakini mwendo wake unategemea una karatasi gani mkononi.

Na mpangaji hana karatasi yoyote. Hili linaniuma kwa sababu limetupata. Nilipokuwa kijana, mahali tulipokuwa tumehamia baada ya kutoka kota palibomolewa. Mwenye kibanja, yaani mwenye haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwingine, alipewa kitu, kidogo lakini alipewa. Mama yangu, aliyekuwa amelipa kodi pale miaka sita bila kuchelewa, alipewa siku tatu. Aliyekuwa akiandika majina alimuuliza, "Wewe ni nani hapa?" Mama alijibu jina lake. Yule akasema, "Sikuulizi jina, nauliza wewe ni nani hapa." Orodha ile haikuwa na safu ya mtu kama mama. Nilikuwa nimeshika kabati la vyombo upande mmoja, na nakumbuka hata leo sauti ya vikombe vikigongana ndani.

Kwa hiyo nikisikia neno kuhamisha, swali langu la kwanza ni kama orodha ina safu ya mpangaji. La pili ni umbali. Mama wa mukene ukimpeleka kilomita ishirini kutoka sokoni kwake, kwenye nyumba nzuri yenye bati jipya, umemwokoa na maji ukamzamisha kwa nauli. Atarudi baada ya miezi mitatu, tena mahali pabaya zaidi, karibu zaidi na mfereji. Haki hapo ni ardhi ya juu iliyo karibu, hata kama ni kidogo, hata kama ni ya ghorofa. Reli ilikuwa na ardhi. Mji una ardhi. Na kabla mpangaji hajaguswa, bohari liguswe kwanza, ili tuone wote kuwa sheria inaweza kuanzia juu.

Jirani zetu wamejaribu. Nairobi, Agosti 2017, mtaa wa Mukuru ulitangazwa kuwa eneo maalumu la kupangwa, na wakazi wenyewe pamoja na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, wakaketi na vyuo vikuu na kaunti kuchora mipango ya maji, barabara na vyoo. Waligundua kuwa maskini wa Mukuru walikuwa wakilipia lita ya maji bei kubwa kuliko watu wa mitaa ya kitajiri. Dar es Salaam, vijana wa Ramani Huria walitembea mitaa ya mafuriko wakichora kila mtaro na kila nyumba, wakiwauliza wenyeji maji yalifika wapi. Sisemi kwamba huko wamefika peponi. Nairobi hiyohiyo, baada ya mafuriko ya 2024, tingatinga zilipita Mathare na Mukuru. Mpango mzuri bila watu kuushikilia unaweza kufutwa kwa wiki moja ya hasira.

Na miji yetu midogo isikilize. Mbale ilipandishwa kuwa jiji Julai 2020. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia Julai 31, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo na kubeba watu. Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal, wote hao bado wana mabonde ambayo hayajajengwa. Kulinda bonde ambalo bado lina mafunjo ni rahisi mno ukilinganisha na kulirudisha baada ya kuwa na watu elfu kumi ndani yake. Wakiniuliza wafanye nini kesho, nitawaambia wapige mawe ya mpaka leo.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni: mbona unatusema sisi na mlima wetu, wakati waliochafua hewa ni Ulaya, Marekani na China? Ni swali la haki. Uganda nzima, mikoa yote, haitoi hata asilimia moja ya gesi za dunia zinazoleta joto hili. Dunia nayo ina Muyenga yake, na sisi tuko chini ya reli. Ndiyo maana mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zetu zilipigania mfuko wa hasara na uharibifu, na mwaka 2023 Dubai ukaanzishwa rasmi. Tuudai, tena kwa sauti, kwa sababu lile ni deni, na anayelipa deni hatoi sadaka.

Lakini hoja tunayoitumia kudai ni ipi? Kwamba aliyemwaga ndiye afute, na kwamba anayelowa kwanza ndiye alindwe kwanza. Hatuwezi kuipeleka hoja hiyo Ulaya ikiwa hapa Kampala tunaificha kabatini. Ujumbe wetu ukienda kwenye mikutano ya dunia kuomba haki, na nyumbani mpangaji anaambiwa "sikuulizi jina," tajiri wa dunia atatuuliza kwa nini tunamdai kanuni ambayo wenyewe hatuifuati. Nataka tukidai tusiwe na aibu. Na fedha hiyo ikija, iteremke mpaka kwenye kizingiti. Vikundi vyenu vya akiba vimeweka vitabu vya hesabu safi kuliko miradi mingi niliyoiona. Shirikisho la Kitaifa la Wakazi wa Mitaa ya Mabanda la Uganda limekuwa likihesabu watu na nyumba kwa miaka mingi. Njia ya kuiteremsha ipo.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaomba kazi.

Nimeongea na mwenyekiti na amekubali. Jumamosi, saa moja asubuhi, tukutane pale reli inapovukwa na njia ya kwenda sokoni. Tutagawana vichochoro. Kila kikundi kiwe na mtu mwenye futi kamba ya fundi, mtu mwenye daftari, na mtu mzee anayekumbuka. Tutapima kila kizingiti: kina safu ngapi, sentimita ngapi, kila safu ilijengwa mwaka gani na baada ya mvua ipi, na nani alilipa saruji. Tuandike jina la anayelala ndani ya chumba, awe na kibanja au awe mpangaji. Wanafunzi watatusaidia kuyaweka kwenye ramani kwa simu. Na watakaotoka Muyenga, maana nimewaona wawili nyuma pale na nawashukuru kwa kuja, nawaomba wapime uani kwao wiki hiyohiyo, urefu kwa upana, waniletee namba.

Mama wa mukene ameniambia nianze na mlango wake. Safu ya kwanza, ile yenye ukungu, hajui nani aliijenga, na angependa kujua.